Mpaka Umepita Kitovuni

Jumatatu, 4 Machi

Figo la kushoto limetolewa. Mawe yalikuwa yameshalimaliza. Waliniuliza kama nataka kuliona, nikasema hapana — mchezaji akishatoka nje kwa machela, refa hamfuati. Limebaki moja. Daktari wa Kisu (ndiye aliyenipasua, jina lake refu, sijalishika) anasema mtu anaishi vizuri tu na figo moja, mradi hilo moja lifanye kazi. Mke wangu akamwomba alirudie hilo neno "mradi".

Kidonda kinauma nikicheka. Na bahati yangu mbaya, kitanda cha jirani kalala dalali wa nyumba, mtu asiyejua kunyamaza. Kanikaribisha wodini kana kwamba anaipangisha: hewa ipo, choo si mbali, majirani ni watu wa heshima zao. Nikacheka. Machozi!

Jumanne, 5 Machi

Nimeamka na miguu ya mtu mwingine. Yote miwili imevimba, vifundo vya miguu havionekani. Ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Mke wangu kabonyeza, akalitazama lile shimo mpaka lilipojaa tena, halafu akamgeukia Daktari wa Kisu: Na figo je?

Akajibiwa maji kidogo baada ya operesheni ni jambo la kawaida. Nitapewa vidonge vya kukojoza na soksi za kubana. Figo litaangaliwa.

Miguu hii imenikimbiza uwanjani tangu nina nywele. Mimi ni refa wa mpira, na watu wote wananiita hivyo hivyo, Refa, hata mama mkwe. Sina utajiri, lakini hakuna aliye hai anayeweza kusema niliwahi kupendelea timu. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, nilimpa kadi nyekundu kwenye mechi ya harambee ya shule. Alikuwa golikipa. Bado ananikumbusha, leo tena, huku ameshika ndizi alizoniletea.

Jumatano, 6 Machi

Amekuja daktari mwingine. Mwisho wa korido, pale palipokuwa stoo ya vitanda vibovu, wamefungua Kitengo cha Tiba ya Kichina. Mkuu wake ni mama mfupi aliyetoka Uchina zamani, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha Mkurugenzi wa hospitali. Wodi nzima wanamwita Mama Sindano. Mwenyewe anaitika.

Alinishika chini ya kiganja kwa vidole vitatu, akatulia. Nikadhani kasinzia. Kumbe anasikiliza mapigo. Akataka kuona ulimi. Akauliza kama nasikia baridi, kama nalala, kama nakojoa na mkojo una rangi gani. Hajawahi mtu kuniuliza mambo mengi hivyo bila kutaka kuniuzia kitu.

Yeye na Daktari wa Kisu wakaelewana hapo hapo juu ya tumbo langu. Vidonge vya yule, sindano nyembamba za huyu. Mitishamba baadaye, wakishahakikisha haigombani na vidonge. Na mkojo upimwe kila siku, wote, wautazame pamoja. Nilifurahi. Nikamwambia mke wangu: leo nimewaona watu wazima.

Ndipo akaingia Mkurugenzi.

Kasikiliza, kanyoosha tai. Kisha kauliza: mgonjwa akipona, tutasema kaponywa na nani? Wageni wakubwa wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuamua kama kitengo kipya kibaki au pale mahali parudi kuwa stoo. Wanataka ushahidi. Sasa ushahidi utapatikanaje kama kila mtu anatibu kila kitu?

Wakatoka kwenda kufanya kikao. Penye wazee haliharibiki neno, nilijisemea. Mjinga mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimegawanywa.

Siandiki mzaha. Mguu wa kulia ni wa Upasuaji. Mguu wa kushoto ni wa Tiba ya Kichina. Ule utakaopungua uvimbe zaidi ndio utakaozungumza mbele ya wageni. Mkurugenzi mwenyewe alikuja na kalamu ya wino, sista mkuu wa wodi akachora mpaka. Ulianzia katikati ya kifua, ukapita kitovuni, ukaendelea kushuka mpaka sista akaona haya akampa Daktari wa Kisu kalamu amalizie.

Ugomvi ukaanza papo hapo. Kidonda kiko ubavu wa kushoto! Aliyepasua ni yule, ardhi ni ya huyu. Wakakubaliana Upasuaji wapewe njia ya kupita, kwenda na kurudi, kwa ajili ya kusafisha kidonda tu, bila kugusa kitu kingine njiani. Dalali alikuwa amekaa kitandani kwake anasikiliza, akasema kesi kama hizi anazijua, mwisho wake ni ukuta.

Kwa nini mimi? Nilimuuliza Mkurugenzi. Akaniwekea mkono begani. "Wewe ni mtu wa haki, Refa. Mwingine angependelea mguu."

Na mimi nikavimba kichwa! Kana kwamba miguu haitoshi. Nikasema haki itatendeka.

Mke wangu ndiye aliyeharibu sherehe. Na figo je, aliuliza, ni la nani? Lililobaki liko kulia, lakini kazi linafanyia pande zote. Mkurugenzi akamwambia kwa upole: mama, kwa sasa tuko kwenye miguu.

Jumamosi, 9 Machi

Tatizo la kidonge. Kikishamezwa, kinajuaje mguu wa kwenda? Kikivuka mpaka, mguu wa Kichina utapungua kwa jasho la watu wengine. Wamekaa kikao kingine. Uamuzi: nikimeza kidonge nilale ubavu wa kulia, kishuke huko. Nikipewa mitishamba nilale ubavu wa kushoto. Ubavu wa kushoto ndiko kuliko na nyuzi! Nimelala nao, nimeng'ata shuka. Haki itatendeka.

Mito nayo. Mguu uliovimba unatakiwa kuinuliwa, madaktari wote wawili wanakubali hilo, ndilo jambo pekee wanaloruhusiwa kukubaliana. Lakini mito ya wodi ni mali ya Upasuaji. Kwa hiyo wa kulia umepanda juu, wa kushoto umelala chini kama yatima. Mama Sindano kaleta mto wake kutoka nyumbani, una maua na lesi. Dalali anasema upande wa kushoto sasa umepanda thamani.

Sindano haziumi. Zinawasha kidogo, kisha mguu unakuwa mzito, kisha nasinzia. Halafu kuna majani makavu anayoyawasha na kuyasogeza karibu na ngozi; joto lake tamu. Mguu wa kulia unabanwa na soksi huku unaona mwenzake anabembelezwa. Niliona huruma. Nikaukuna.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya wageni wa wagonjwa. Shemeji alikuja, akasikia habari yote, akatangaza kuwa yeye ni wa kushoto. Kwa nini? Kwa sababu timu yake huwa haina bahati na kila mtu anaidharau. Alikaa upande ule wa kitanda na hakuvuka. Mama mkwe akaenda kulia, kwa heshima ya makoti meupe. Mke wangu kakaa miguuni, katikati, anamenya chungwa.

Walipoanza kuushangilia mguu, sista akaja mbio. Nikatamani filimbi yangu.

Jambo jingine limeamuliwa leo: mkojo. Upasuaji walikuwa wanaupima, Mama Sindano akaomba naye aone, Mkurugenzi akasema hapana, huo utakuwa mchanganyiko wa ushahidi. Kuanzia leo mkojo wa asubuhi ni wa Upasuaji, wa jioni ni wa Tiba ya Kichina. Kila kitengo na chupa yake, kila kitengo na sista wake. Ya Upasuaji kifuniko cheupe, ya Mama Sindano chekundu. Nikiwa na haja mchana wa jua kali, ni wa nani? Nimeambiwa nijitahidi kuzuia.

Mke wangu aliliona hilo halina maana hata kidogo. Nami naliona. Lakini refa hawezi kubishana na kanuni katikati ya mchezo. Nilimwambia hivyo. Akaweka chungwa chini, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu, 11 Machi

Wamepima kwa tepu ya fundi cherehani. Kushoto umepungua. Kulia umepungua. Sawasawa! Shemeji kapigiwa simu, hakuamini, kataka tepu nayo ipimwe.

Uchovu. Chakula hakina ladha. Mke wangu kaja, kanisalimia, hakunisemesha zaidi. Hilo linauma kuliko nyuzi.

Jumanne, 12 Machi

Madaktari wangu hawaruhusiwi kuzungumza mpaka Alhamisi — Mkurugenzi kasema wataambukizana matokeo. Wakikutana kwenye korido wanasalimiana kama wakwe walioshitakiana: habari, nzuri, kila mtu njia yake.

Lakini nao ni watu. Asubuhi Daktari wa Kisu alikuja peke yake. Akatazama mguu wake, akasimama, akakohoa, akauliza huku anatazama dirishani: na ule mwingine unaendeleaje? Nikasema unaendelea. Mapigo yangu mama kayasikiaje? Nikasema hakuniambia. Kisha akaiinua chupa ya kifuniko cheupe. Mkojo kidogo, akasema. Akafikiri. Akasema bila shaka mwingi unatoka jioni.

Jioni kaja Mama Sindano. Akanishika kiganja cha kushoto muda mrefu kuliko siku zote, uso hauna furaha. Alitaka na cha kulia, akajizuia, akaurudisha mkono wake mfukoni. Akaiinua chupa ya kifuniko chekundu. Mkojo kidogo. Bila shaka vidonge vimeutoa asubuhi, alisema, ila alisema kwa sauti ya mtu anayejiuliza.

Na mimi niliyewasikia wote wawili? Nilikaa kimya! Nilijiambia refa hampelekei kocha huyu siri za kocha yule. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mke wangu ndiye anayefunga chupa zote mbili na kuzipanga chini ya kitanda. Alikuwepo asubuhi, alikuwepo jioni. Safari hii hakuuliza daktari, kaniuliza mimi: unakojoa kweli wewe? Nikamwambia asiniingilie mchezo. Akaniambia, "Baba, huu si mchezo. Lililobaki ni moja." Alikuwa analia. Nikaangalia ukuta.

Jumatano, 13 Machi

Miguu imepungua! Vifundo vimerudi, vile vya zamani, nimevigusa kama watu waliotoka safari. Upasuaji wanasema ni soksi na vidonge. Kitengo cha Kichina wanasema ni sindano na moshi. Mkurugenzi anatembea wodini anasugua viganja; sare si mbaya, anasema, sare ina picha nzuri, vitengo viwili vinapeana mikono.

Na uso nao umejaa. Kila anayepita ananisifu. Sista wa asubuhi: Refa umenawiri! Mama mkwe: hospitali imekukubali, ulivyokuja ulikuwa umebaki macho tu. Dalali ananitaka nimtaje mpishi. Nikajitazama kwenye kioo cha chooni — mashavu, macho yamefinyika, mtu wa kula vizuri. Nilicheka mwenyewe.

Mke wangu hakucheka. Alinibonyeza shavu kwa kidole. Likabaki shimo.

Akatafuta Daktari wa Kisu: yuko kwenye mazoezi ya hotuba. Akatafuta Mama Sindano: kaambiwa asitoke kitengoni, wanapamba. Akamkuta Mkurugenzi. Mkurugenzi kamsikiliza vizuri sana, akamweleza kuwa uso haumo katika utafiti.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika vibaya. Vidole vimekuwa vinene, kalamu inateleza. Pete haitoki. Sista alijaribu kwa sabuni, ikakataa. Akauliza kwa simu mikono ni ya kitengo gani, maana akimwita asiyehusika atalaumiwa. Niliisikia sauti ya Mkurugenzi ikitoka kwenye simu: mikono haimo kwenye makubaliano! Wageni wameshafika getini!

Tangu jana jioni sijakojoa. Chupa zote mbili tupu. Kifua kizito nikilala, kwa hiyo nimekaa.

Nimemwambia mke wangu. Nimemwambia yote — kwamba yule alisema mkojo uko kwa huyu, huyu akasema uko kwa yule, na mimi katikati nimekaa na filimbi mdomoni nisiyoipuliza. Nilidhani atanisema. Hakunisema. Kafunga kanga vizuri, katoka.

Aliyoyafanya kanisimulia dalali, aliyemfuata mpaka mlangoni na dripu yake asipitwe. Wageni walikuwa wanashuka kwenye magari. Madaktari wamepangwa mstari, Kisu mwanzo, Sindano mwisho, maua mikononi. Mke wangu kapita mbele ya wageni wote, kamshika huyu mkono wa koti, kamshika na yule, kawavuta. Dalali anasema mmoja wa wageni alipiga makofi, alidhani ni igizo.

Wakafika wote wawili wanahema. Kwa mara ya kwanza tangu nichorwe wako kando ya kitanda changu pamoja. Daktari wa Kisu akasema, jioni ametoa kiasi gani? Mama Sindano akasema, asubuhi ametoa kiasi gani? Kwa pamoja! Kisha kila mmoja akajibiwa na mwenzake. Nilimwona Daktari wa Kisu anajumlisha kichwani, na rangi ikamtoka usoni. Mama Sindano hakuomba ruhusa, kavuka mpaka, kashika kiganja cha kulia. "Mapigo haya sikuyapenda tangu juzi," alisema. Daktari wa Kisu akamwambia, "Mama, na mimi nilitaka kukuuliza tangu juzi."

Naogopa. Naandika neno hilo hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayelisoma. Maisha yangu yote sikuwa na timu. Leo ninayo, ina mchezaji mmoja tu na simwoni, yuko upande wa kulia chini ya mbavu. Nimemwekea kiganja. Kaza mwanangu.

Wanataka damu ipimwe sasa hivi na nipelekwe chumba cha mashine ya kusafisha damu. Vidonge, mitishamba, vyote vimesimamishwa mpaka wajue. Kitanda kimefunguliwa breki. Daktari wa Kisu kashika kichwani, Mama Sindano miguuni, mke wangu kando, na dalali anatangulia akisema tupisheni, tupisheni.

Tumekwama mlangoni. Mkurugenzi kasimama katikati, wageni nyuma yake na kamera. Anatabasamu kwao, ananong'ona kwetu. Haiwezekani kitanda kitoke bila kujulikana kinatoka kwa kitengo kipi, ni kwa mustakabali wa kitengo, ni dakika moja tu, mgonjwa huyu ni wa nani?

Daktari wa Kisu kafungua mdomo. Mama Sindano kafungua mdomo.

Mke wangu kawahi. "Ni wangu. Pisha."

Mkurugenzi hajapisha. Anamuuliza yeye ni wa kitengo gani.